Tata Beya Muamba, Aliyekimbia Bila Kutazama Nyuma

Wapendwa waombolezaji, karatasi mliyoshika ina picha ya marehemu na maneno machache matamu. Ukurasa wa katikati uliondolewa na Tata Kisimba, mwenyekiti wa wachezaji wa zamani, aliyejitolea kuipeleka kwa mchapaji. Kwa hiyo Mbelu, binti wa marehemu, anausoma wasifu wote kama familia ilivyouandika, na hakuomba ruhusa ya mtu. Marehemu aliacha ombi moja tu, azikwe kando ya mama yake. Hatukuweza kulitimiza, na mtasikia kwa nini.

Tata Beya alizaliwa tarehe 14 Agosti 1961 hapa Kolwezi, katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi, mtoto wa pekee wa Tata Kankolongo na Mama Tshilombo. Baba yake aliletwa kwa treni kutoka Kasai kuja kuchimba shaba, akafia kazini Beya akiwa na miaka sita. Mama akamlea kwa kuuza unga wa mahindi. Kasai yenyewe Beya aliijua kwa masimulizi tu.

Alisoma shule ya msingi kwa masista, kisha shule ya ufundi hadi mwaka wa nne, vita vya Mei 1978 vilipoifunga. Hakurudi darasani tena. Walimu walimkumbuka kwa mbio kuliko kwa hesabu, na yeye mwenyewe hakubisha.

Mwaka 1980 kampuni ilimwajiri. Kwenye karatasi alikuwa mlinzi wa ghala la vipuri, lakini kila mtu alijua amechukuliwa aichezee timu ya mpira ya Mutoshi. Uwanjani alikuwa na kazi moja. Wapinzani wakipata kona, wenzake wote walirudi kulinda goli, yeye akabaki peke yake katikati ya uwanja. Golikipa Kisimba akishaudaka mpira aliinua mkono wa kushoto. Beya akiuona mkono ule aligeuka na kutimua mbio, hatazami tena nyuma, na mpira ulimkuta mbele ya miguu yake. Wengi waliijaribu kazi hiyo wakashindwa, maana shingo iligeuka yenyewe. Yeye aliishi kwa kazi hiyo miaka kumi na miwili. Mwaka 1987, siku alipowafunga watu wa Likasi mara mbili katika kipindi kimoja, mwamuzi alimuuliza anajuaje kwamba mpira unakuja. Akajibu, "Kisimba hanidanganyake."

Mama Tshilombo alihudhuria kila mechi na hakuona goli hata moja. Mwanawe akianza kukimbia, alijifunika kitenge usoni akawa anauliza walio karibu: "Amefika?" Hakufunua uso mpaka aambiwe amefika. Walimtania kwa neno hilo hadi sokoni, naye alicheka nao.

Tarehe 12 Julai 1986 Tata Beya alifunga ndoa na Mama Simone Tshiela, na Kisimba akasimama shahidi wake mbele ya altare. Walijaliwa Gracien, kisha Mbelu.

Halafu mgodi ukaporomoka, mishahara ikakauka, timu ikafa. Watu wakatafuta wa kubebeshwa lawama, wakatuona sisi wa asili ya Kasai. Midomo ile ile iliyomshangilia ikamwita kilulu, mdudu. Mwezi wa tatu 1993 vijana walianza kutoa watu majumbani mwao. Mama Tshilombo alikuwa na miguu iliyovimba, hawezi kutembea. Kisimba, wakati huo dereva wa kampuni, alikuja asubuhi na kusimama mlangoni.

"Beya, tangulia na batoto ku gare," alisema. "Mama nitamuleta miye na kamio ya kazi. Mama yako njo mama yangu."

Tata Beya akampa ufunguo wa nyumba. Akambeba Mbelu mgongoni, akaondoka na mkewe na Gracien bila kutazama nyuma, kama alivyozoea.

Alimngoja mama gare, kwenye stesheni ya treni, siku kumi na moja, mvua ikimnyeshea. Mara mbili alijaribu kurudi, mara mbili vijana wenye mapanga walimgeuza. Siku ya kumi na mbili walisukumwa ndani ya mabehewa hadi Mwene-Ditu, huko Kasai, na kamio, lori la kampuni, haikuonekana.

Alirudi Kolwezi mwaka 2006, akagonga mlango wake mwenyewe. Kisimba ndiye aliyefungua. Alisema mama alikufa wakamzika, akamwonyesha kaburi njia ya Kasulo. Mwaka uliofuata akamwonyesha lingine, njia ya Mutshatsha. Mara ya tatu alimwambia aache kumsumbua. Ni jirani, Mama Fidélie, aliyemweleza ukweli. Kisimba aliingiza familia yake katika nyumba ile siku ya pili, na Mama Tshilombo akatolewa barazani na sanduku lake. Alikaa pale siku tatu akiuliza kila apitaye: "Beya amefika?" Siku ya nne kamio ya kazi ilikuja ikamchukua, na aliyeiendesha alikuwa Kisimba. Hayo ndiyo aliyoyaondoa pamoja na ukurasa wa katikati.

Tata Beya alichimba na kuosha mawe huko Kasulo mpaka mapafu yakachoka. Alianza kukohoa mwaka 2016. Kila Jumapili, hata akiwa mgonjwa, alizunguka makaburi akisoma misalaba. Iliuma kumwona, na alisema wazi kwamba nyumba angeweza kuisamehe. Alifariki nyumbani kwake tarehe 9 Juni 2019, saa nne asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Mama Simone, watoto wawili, Gracien na Mbelu, wajukuu watano, na mama yake, ambaye hatujui amelazwa wapi. Kushoto kwa shimo hili familia imeacha nafasi ya mtu mmoja. Tata Kisimba, wewe umekaa mstari wa mbele na umevaa jezi ya timu. Uliyemsimamia ndoa alikuwa huyu, na leo hawezi kukuuliza tena, kwa hiyo tunakuuliza sisi mama yuko wapi, na tutangoja jibu kabla udongo haujaanza kumwagwa.

Tata Beya, pumzika sasa, mbio zimekwisha. Na wewe Mama Tshilombo, popote Kisimba alipokuacha, funua uso. Amefika.