Jua la Fainali

"Nota ya Muda Inayohusu Marekebisho ya Saa ya Kuanza kwa Fainali ya Handiboli ya Wasichana kwa Sababu ya Jua." Ndivyo kilivyoitwa kibali cha shule moja ya Waadventista kucheza Jumamosi, Sabato ikishaisha. Miaka miwili mfululizo wasichana hao walifika fainali, wakakataa kugusa mpira siku ya Sabato, wakahesabiwa wameshindwa. Safari hii nota iliagiza: mchezo uanze jua likizama, na timu itakayochelewa robo saa imepoteza. Jua lizame wapi, haikusema. Mimi nilikuwa kwenye benchi la Hamissi muuza kahawa, pale mtaa wa Jabe, Bujumbura, mkabala na uwanja. Jua lilikwisha kujificha nyuma ya milima ya Kongo, mbingu bado nyeupe, refa ameshika saa, na wasichana wa Kiadventista wameketi chini wanaimba, wakingoja.

— Jua imezama, ni basi, alisema Népomuscène, mstaafu wa wizara tunayemwita Dosiye kwa kupenda mafaili.

— Apana! Rénovat, fundi magari, babake golikipa Carmen, alikataa hata kuketi. Imejificha tu. We ukiingia chini ya kitanda, tuandike umekufa?

— Ofisi inaweza kuandika, Dosiye akajibu.

— Lakini hiyo mulima ni ya Kongo, Hamissi akasema akimimina. Itafungaje jua yetu bila viza?

— Basi wangechezea kule juu Gihosha, waione vizuri!

— Ao mu ndege, Hamissi akamjibu Dosiye. Unafuata jua, Sabato haiishi, pasta anahubiri mpaka petroli iishe.

— Munacheka, Rénovat akasema. Mwaka jana mutoto alilia mpaka akalala na viatu. Nikamwambia, acha hii handiboli. Akanijibu: "Papa, Mungu hajanikataza mpira. Amenikataza Jumamosi. Nitangoja."

Robo saa ilikuwa inakwisha. Refa akapeleka firimbi mdomoni. Ndipo wapinzani, wasichana wa Kinindo waliokwisha kujipanga, wakatoka uwanjani, wakaenda kuketi kando ya wenzao, nao wakaimba.

— Hee! Hamissi akasema. Sasa wote wamechelewa! Dosiye, nota inasema nini?

— Nota... hiyo haikuiona.

— Kombe ni ya refa!

— Refa hawezi, hakujiandikisha!

Adhana ya magharibi ikalia. Hamissi akafunika birika.

— Sabato yenu imeisha, Rénovat. Mi naenda kuswali.

Wasichana wote wakainuka, firimbi ya kuanza ikapulizwa. Rénovat akafumba macho, akaanza kuomba. Dosiye akanigeuzia uso, akiupa mgongo uwanja, anieleze kama mechi inaweza kufunguliwa na adhana bila sahihi ya wizara. Tulikuwa bado kwenye ubishi huo, mechi imekwisha, Saliha wa duka la vitambaa alipofika kutafuta kahawa.

— Goli ngapi?

Hakuna hata mmoja wetu aliyeitazama mechi.

Baadaye tuliambiwa ilikuwa hivi: Carmen alizuia penalti ya mwisho, na shule yake ikashinda kumi na mbili kwa kumi na moja, kwa mwanga wa taa za magari ya wazazi wa Kinindo.