Maelezo ya Hervé

Benchi la nje ya kituo cha metro cha Bredäng lina wenyewe. Kuna Baudouin, aitwaye Profesa kwa sababu tu Jumamosi huvaa tai, na Jean-Bosco, dereva wa basi, aitwaye Breki kwa kuwa akianza kusema hana. Dorothée ndiye mleta kahawa, basi ndiye asiyesikilizwa. Leo amekuja na neno: Jumatatu anamfuta Hervé.

— Kumfuta? Mtu keshakufa!

— Fanksheni zake, Breki. Vijiprogramu vinavyokaa ndani ya hifadhidata ya ghala letu, Södertälje. Vipuri vikipungua, fanksheni zinaagiza vingine. Tulipofanya kazi pamoja, yeye aliandika kwa lugha ya Perl, mimi kwa Python, na hifadhidata inazielewa zote. Bosi sasa anataka Python tupu.

Profesa akanyoosha tai.

— Sahihi kabisa. Mashine ikisemeshwa lugha mbili inapata presha.

— Presha? Mimi watoto nawasemesha Kiswahili, wananijibu Kiswidi. Presha napata mimi!

— Mon cher, rafiki, husomi alama za nyakati. Leo wanaifundisha kusahau Perl, kesho wanaipa uraia.

— Ikifeli mtihani?

— Inarudishwa kwao!

Dorothée alicheka mpaka kahawa ikamwagikia glavu. Kisha kicheko kikakatika.

— Juu ya kila fanksheni Hervé aliacha maelezo. Mashine huyaruka, ni ya mtu atakayesoma. Na msomaji nilikuwa peke yangu, kwa hiyo aliandika Kiswahili. "Dada, hapa usiguse, paliniliza." "Hii ndefu, kula kwanza."

— Si uyahamishe tu?

— Niyahamishie wapi, Breki? Yanaeleza kazi ambayo haitakuwepo. Zangu mpya nimeshazijaribu. Zinakwenda vizuri kuliko zake.

Hilo la mwisho alilisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayesengenya.

Profesa alianza kueleza jinsi Wafaransa wangelitatua jambo hilo, akapotea katikati ya sentensi. Pembeni alikuwa amekaa Annick, mgeni, aliyehamia majuzi kutoka Upplands Väsby na bado anaomba ruhusa ya kukaa benchini.

— Samahani, dada. Na kwenye hizo mpya, wewe utamwandikia nani?

Profesa akalegeza tai.

Dorothée akainamisha themosi juu ya kikombe cha Annick. Hakikutoka kitu. Akaendelea kuiinamisha.