Bi. Nthenya na Nati za Swala

Tarehe 30 Juni 1995, Bi. Nthenya Mutunga atavua aproni yake ya turubai kwa mara ya mwisho hapa Karakana ya Nzueni, Emali, baada ya kututumikia kwa miaka ishirini na tisa na miezi mitatu. Siku za ziada hatukuziandika. Ofisi inasema aliajiriwa tarehe nne Machi 1966, yeye anasema ni tarehe mbili, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumshinda Mama Mutindi, kama tunavyomwita, katika ubishi.

Alifika kutoka Zombe akiwa na umri wa miaka ishirini na sita, cherehani yake ikiwa juu ya lori la mbuzi. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kushona turubai za malori ya Mwingi, kisha viti. Tangu siku zile hakuamini kitu asichokishika kwa mkono wake. Viti vipya vikiletwa kutoka Nairobi, alivifumua mshono mmoja ili aone kilicho ndani. Wakubwa walilalamika mpaka siku alipochomoa magazeti ya zamani katika kiti kilichosemekana kuwa cha sponji tupu. Baada ya hapo walimwachia mkasi wake.

Lakini wengi mtakaosoma jarida hili mnamjua kwa sababu ya Swala, na wengine mlisikia habari hiyo vibaya. Mimi, Kisilu, nilikuwa msimamizi wa mafundi wakati ule. Nitaieleza ilivyokuwa.

Swala lilikuwa gari la michezo lililochorwa na Mhandisi Mbugua mwaka 1976, likaundwa hapahapa. Lilikuwa na viti viwili tu. Injini ya silinda sita ilikaa nyuma ya viti, na bodi ilikuwa ya faibaglasi, nyepesi kiasi kwamba wanaume wanne tuliibeba bila kutweta. Kwenye lami ya barabara ya Mombasa lilitoka kusimama hadi kilomita mia moja kwa saa kwa sekunde saba. Mbugua alitaka lishindane katika mbio za Pasaka za mwaka 1978, na mbio hizo hazikuwa za lami. Kwa hiyo tuliliinua inchi mbili, tukalijaribu kwenye murram, barabara ya udongo ya kwenda mji wa Wote, ambayo kiangazi huwa na mikunjo kama bati. Viti alivishona Bi. Nthenya. Alikaa peke yake ndani ya gari lile kwa saa nyingi, akipima na kubana.

Agosti 1977, dereva wetu Ng'ang'a alirudi gurudumu la nyuma la kushoto likiyumba. Nati zinazoshika mkono wa chuma wa gurudumu lile zilikuwa zimelegea. Nilizikaza mimi mwenyewe kwa spana ya kupimia nguvu. Wiki mbili baadaye nati moja ilitoka kabisa. Gari likaingia kwenye ua wa mkonge, na Ng'ang'a akavunjika kifundo cha mkono.

Nati niliyoikaza mimi hailegei. Hivyo ndivyo nilivyofikiri, na ukifikiri hivyo halibaki jibu ila moja: kuna mtu anailegeza.

Karakana ikabadilika. Watu waliokuwa wakila muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa, katika sahani moja, sasa kila mtu alikula kwenye pembe yake. Mbugua alinunua kufuli mpya. Tukaanza kuhesabiana hatua: nani amepita wapi, nani ameinama. Na kila tulipohesabu, tulimfikia yuleyule. Shemeji yake alifanya kazi kwenye gereji nyingine iliyokuwa ikitengeneza gari la mbio zilezile. Yeye ndiye aliyekaa ndani ya Swala bila mtu wa kumwangalia. Kisha mke wa fundi mmoja akamwona Wote sokoni akinunua rangi nyekundu ya kucha. Bi. Nthenya, mwenyekiti wa kina mama kanisani, rangi ya kucha! Tukasema mtu anayeficha hili anaweza kuficha na lile.

Nilimwandikia mkurugenzi barua. Sikusema "nashuku". Nilisema "nimethibitisha".

Ijumaa iliyofuata, saa ya chakula, nilimkuta amelala chali chini ya Swala. Nilimwita Mbugua mbio.

"Mama Mutindi, unafanya nini huko chini?" Mbugua aliuliza.

Alitoka polepole, kichupa cha rangi mkononi. "Naangalia kama ni mtu ama ni gari."

"Gari gani?"

"Hii yako, Injinia. Njoo uone."

Tuliinama. Juu ya kila nati alikuwa amechora mstari mwembamba mwekundu unaoanzia kwenye nati na kuishia kwenye bamba lililo chini yake. Nati ikizunguka hata kidogo, mstari ungekatika.

"Funga hapa na kufuli yako," alimwambia Mbugua. "Ukae na ufunguo mpaka Jumatatu. Mimi nitakuwa kanisani, watu mia mbili wataniona. Mistari ikikatika gari ikiwa imesimama, ni mtu. Ikikatika ikikimbia, utafute kwa karatasi yako ile ya kuchora."

Mbugua alikunja uso, lakini alifunga.

Jumatatu mistari yote ilikuwa mizima. Mkono wa Ng'ang'a ulikuwa kwenye plasta, kwa hiyo Mbugua alishika usukani mwenyewe. Kiti cha pili kilihitaji mtu wa kuangalia mistari kila kilomita tano, na nakiri kwamba sikujitolea. Bi. Nthenya alikaza kitambaa chake cha kichwa akaingia. Mimi niliwafuata na pikapu, nikila vumbi lao.

Walisimama mara ya kwanza: mizima. Mara ya pili: mizima. Walipoondoka tena, Mbugua aliongeza mwendo hadi kilomita mia moja na kumi, na nikaona sehemu ya nyuma ya gari ikitetemeka kama ng'ombe anayefukuza nzi. Waliposimama, Bi. Nthenya ndiye aliyeinama kwanza.

"Injinia," aliita, "mistari imeachana upana wa kidole."

Mbugua alilala vumbini na shati lake jeupe, akatazama kwa muda mrefu. Bamba alilolichora lilikuwa jembamba mno. Kwa mwendo ule, juu ya mikunjo ile, lilipinda na kurudi, likapinda na kurudi, na kila mara nati ikalegea kidogo. Aliposimama alisema maneno mawili tu: "Ni mimi." Kisha akamgeukia Bi. Nthenya na kumwomba radhi kwa heshima kubwa, palepale barabarani.

Bamba jipya lilitengenezwa nene maradufu. Pasaka ile Ng'ang'a alimaliza mbio katika nafasi ya kumi na moja, magurudumu yake manne yakiwa mahali pake. Tuliunda Swala tatu tu kabla ya fedha za mradi kuisha. Mwaka 1979 Bi. Nthenya alifanywa mkaguzi mkuu, na tangu hapo gari halitoki Nzueni bila mstari mwekundu.

Kuhusu barua yangu, mkurugenzi aliichana. Niliingia chumba cha kushonea cha Bi. Nthenya nikamweleza. Hakuinua uso. Aliniambia, "Shika hapo kona," na nikashikilia ngozi ya kiti mpaka akamaliza mshono. Nilidhani yameisha. Hayakuisha. Uvumi ulikuwa umefika kanisani kwake kabla ya ukweli, na kina mama walimwondoa kwenye uenyekiti kwa mwaka mzima. Nilijua. Ningeweza kwenda Jumapili moja nikasimama nikasema. Sikwenda. Kwa hiyo nasema hapa, miaka kumi na minane baadaye: Bi. Nthenya hakulegeza nati yoyote. Aliyemsingizia ni mimi.

Wiki jana nilimpelekea wasifu huu, kwa maana nani angethubutu kuuchapisha kabla hajaukagua? Aliukalia siku tatu. Uliporudi, aya mbili za sifa nilizomwandikia zilikuwa zimekatwa kwa kalamu nyekundu. Aya iliyo juu ya hii hakuigusa. Pembeni yake aliandika: "Hii isomwe na kanisani."

Jumapili ijayo nitakuwa huko.

Mama Mutindi, Nzueni nzima inakushukuru. Nenda Zombe ukapumzike, upate mvua kwa wakati wake, wajukuu wenye adabu, na majirani unaoweza kuwaamini.