Sikio la Kushoto, Sikio la Kulia: Miaka Thelathini na Moja ya Bw. Cleophas Shikanga

Nawasihi sana, wenzangu wa karakana: mkishaisoma karatasi hii, msiitaje kwa mtu yeyote hadi Ijumaa, na isimfikie Bw. Shikanga mwenyewe kabla ya sherehe ya kumuaga. Akiiona ataichana.

Bw. Cleophas Shikanga anastaafu tarehe 31 Oktoba 1997, baada ya kuitumikia karakana yetu ya vifaa vya shule hapa Kakamega kwa miaka thelathini na moja. Aliingia mwaka 1966 kutengeneza redio za madarasani. Waliomtangulia husema aliitambua redio mbovu kwa kuigonga kwa ukucha na kusikiliza, na hakuruhusu mtu achemshie chai kwenye soketi ya chuma chake cha solda. Mpaka leo haruhusu.

Kazi yake kubwa ni mashine ya kupima masikio ya watoto. Bodi ya prosesa tuliyopewa, yaani ubongo wa mashine, ilikuwa bubu. Yeye ndiye aliyeiunganisha na chipu ya sauti ili itoe mlio kwenye hedifoni, sikio moja baada ya jingine. Sauti za pande zote mbili hupita kwenye waya mmoja kwa zamu, na waya wa pili huiambia chipu sasa ni zamu ya upande gani. Kwa wiki tatu upande mmoja ulikuwa ukivuma. Sisi tulikata tamaa. Yeye alisogeza waya wa umeme upana wa vidole viwili kutoka nyaya za sauti, akafumba macho, akausikiliza ule ukimya kama mtu anayeonja mchuzi.

Mashine ilizunguka hadi Musanda na Lumakanda. Kule Matete, mwezi wa Juni, mama mmoja aitwaye Musimbi alisoma kadi ya majibu ya binti yake, akamwambia Bw. Shikanga mbele ya walimu: "Fundi, mashine yako haijawahi kumwita huyu mtoto. Mimi humwita kila siku, na sikio bovu ni lile lingine."

Alikuwa sahihi. Hapa karakanani tunaandika kushoto na kulia jinsi mtu anavyoona akisimama mbele ya chombo. Orodha ya nyaya, inayoonyesha waya upi uende sikio lipi, ilifuata desturi hiyo, lakini mtoto aliyevaa hedifoni anakutazama, na kushoto kwake ni kulia kwako. Kadi arobaini na sita zilikuwa kinyume. Watoto watatu walikuwa wameshawekewa vifaa vya kusikia kwenye sikio zima.

Bw. Shikanga alibadilisha nyaya, akarudi katika shule zote, akapima upya kila mtoto na kuwaomba wazazi radhi mmoja mmoja. Kisha alipewa barua ya onyo, akaitia sahihi bila kujitetea. Kwa sababu ya barua hiyo, anaondoka bila cheti cha utumishi mwema.

Orodha ile hakuiandika yeye. Niliiandika mimi, karani wenu. Yeye aliipitisha kwa kuniamini. Nilipotaka kusema, alinizuia: "Wewe bado uko kwa majaribio. Mimi nimebakisha miezi minne. Nyamaza, urekebishe hiyo orodha." Nimenyamaza miezi hiyo yote.

Mzee Shikanga, asante kwa kazi na kwa kuwa ngao yangu. Ufike salama nyumbani Lugari, mahindi yakustawie, na wajukuu wakuchoshe kwa maswali.

Anayetaka kuhakikisha haya, hasa mkubwa wetu Bw. Kipruto, atanipata chumba cha faili, mlango wa pili baada ya stoo, kuanzia saa mbili asubuhi. Nikiwa nimeshaondolewa kazini, Dorothy wa mapokezi ana bahasha yenye orodha ya kwanza kwa mwandiko wangu, pamoja na barua yangu ya maelezo. Amwambie Dorothy anataka ile yangu mimi, Laila Osman.