Mbula na Kibuyu cha Tangawizi

Wapendwa waombolezaji, mimi ni Munyao, mdogo wake marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasimulia maisha ya dada yetu Mbula, kazi ambayo yeye mwenyewe angeikatiza kwa maswali.

Mbula alizaliwa Matungulu mwaka wa 1911, kifungua mimba wa Mzee Kilonzo na Mama Mukonyo, akasoma kwa wamisheni kuanzia 1923 hadi 1925, mama alipougua, akarudi nyumbani kusuka viondo, kazi iliyomlisha katika soko la Thika hadi mwisho. Tarehe 18 Aprili 1931 alifunga ndoa na Muthoka, wakahamia Theta, karibu na shamba la mkonge alikofanya kazi mumewe, wakajaliwa watoto wanne.

Jumamosi, tarehe 6 Agosti 1955, mwalimu mmoja kutoka Jamaika, Bi. Merle, aliyefundisha hapa Thika, alipata kibali cha kuandaa sikukuu ya visiwa vya kwao, akaalika familia nzima nzima, nasi tukaenda kumtazama mtu mweusi kama sisi asiyejua Kikamba wala Kikuyu. Tulikula wali uliopikwa na maharagwe kwa tui la nazi, na ndizi mbivu za kukaanga, ambazo wazee walisema ni chakula cha watoto wachanga, mpaka walipoomba kuongezwa. Watoto walicheza mchezo wa huko wa kupita chini ya ufito wakiwa wamepinda migongo nyuma, Mzee Ephantus wa kanisa naye akajaribu na koti lake, akabaki pale chini. Mbula alikaa na mwalimu, mwalimu akifundishwa kiondo, Mbula kofia ya ukili, naye Mbula akarudi nyumbani akijua pia kinywaji chao cha tangawizi.

Kwa kuwa hakuwa na chupa, alichukua kibuyu cha marehemu baba mkwe wake, kilichokuwa cha pombe ya muratina kabla mzee hajaokoka, akakiosha vizuri, akatia kinywaji humo, akakiweka karibu na moto siku mbili, kama alivyoelekezwa. Mzee aliokoka, kibuyu hakikuokoka. Akina mama wa kanisa walikunywa, wakaimba wimbo mmoja mpaka jioni, na Jumapili iliyofuata Mbula akatengwa na Meza ya Bwana, jambo lililomuumiza hata chakula kikamshinda, kwa maana aliogopa kufa akiwa nje, azikwe bila maombi ya kanisa.

Aliwaendea wazee, akawaambia, "Nitengeni, lakini kwanza nionyesheni kosa liko wapi." Akapika tangawizi ile ile mbele yao, nusu akaitia kwenye chupa ya kuazima, nusu kwenye kibuyu, na siku mbili zilipopita ikabidi wazee waonje zote ili wahukumu kwa haki, Mzee Ephantus akirudia ya kibuyu ili awe na hakika. Walikubaliana kwamba kosa ni la kibuyu, na siku ya Pasaka, tarehe 1 Aprili 1956, Mbula akarudishwa mezani.

Alianza kuugua moyo Novemba mwaka jana, akalazwa hapa Thika, akawauliza madaktari kila dawa inapita wapi mwilini, na Jumanne, tarehe 10 Machi 1959, akatuacha. Tunawashukuru madaktari hao kwa kumjibu, majirani wa Theta waliotuchotea maji, wauzaji wenzake sokoni, Bi. Merle aliyekuja na kiondo chake cha kwanza, kilichopinda, na wazee wa kanisa, ambao leo wamemlaza hapa mbele, mahali alipoogopa kupakosa.

Dada, yale sisi tunayoyahubiri tu, wewe umetangulia kuyaona. Uliza yote, ukishajibiwa, pumzika kwa amani.