Benchi Lisilo na Mwenyewe

Kwaruuuu. Kimya. Kwaruuuu. Kimya tena. Halafu ngu! kama kitu kizito kimegonga kizingiti, na baada ya hiyo ngu, kicheko cha mtoto mdogo, he-he-heee, usiku wa manane, mtaa mzima umelala fofofo. Hivyo ndivyo Wembe, kinyozi, alivyokuwa akisimulia Jumapili asubuhi pale kijiweni, nje ya ukuta wa kanisa, na alikuwa akisimulia amekalia ndoo iliyopinduliwa, kwa sababu benchi halikuwepo. Benchi refu la watu watano, ambalo wenye kijiwe walilikalia tangu kahawa ya hapo ilipokuwa ya shangazi yake Mama Kibonge, limetoweka, zimebaki alama nne za miguu kwenye udongo. Randa, fundi seremala, alikuwa amekalia tofali. Bado, fundi viatu, aliyepewa jina hilo kwa sababu kapu la sadaka likimfikia hunong'ona "bado", alikuwa amechuchumaa. Mzee Taarifa, karani mstaafu, alikuwa amesimama, kwa maelezo kwamba mtu wa hadhi yake hakalii debe. Na Mama Kibonge, muuza kahawa, mwanawe Kibonge mgongoni, alikuwa akimimina hata kwenye vikombe vilivyojaa, kwa sababu aliyeliburuza benchi lile usiku ni yeye.

Ni yeye, peke yake, na mtoto mgongoni, na mtoto ndiye aliyecheka! Jumapili iliyopita, kwenye kile chumba cha nyuma cha kanisa ambako akina mama hunyonyeshea, alikuwemo mama mmoja mgeni, amejifungua kwa upasuaji, mshono haujakauka, na chumba chenyewe hakina hata kigoda, wote huketi sakafuni. Yule mgeni hakuweza kujikunja mpaka chini. Akasimama ibada nzima, mtoto kifuani, jasho linamtoka, huku kwenye spika mchungaji anahubiri habari za uwakili, kwamba ulichonacho umekabidhiwa tu, Mwenyewe yupo, basi usikikumbatie, kitoe. Mama Kibonge akajiuliza, mimi nimekabidhiwa nini? Jiko, birika, vikombe. Benchi. Benchi! Shangazi alimwachia biashara na benchi lake, au ndivyo alivyoamini. Akangoja mume akorome, akatoka, akaliburuza mpaka kule. Na aliona amepiga hesabu nzuri, kwa sababu chumba kile hakuna mwanamume wa mtaa huu aliyewahi kukikanyaga. Wangetafuta mpaka wachoke.

Ila asubuhi hii, alipowaona wamesimama wameduwaa kama watu waliofika nyumbani wakakuta ukuta tu, akaanza hesabu nyingine. Kule kwenye mashine ya kusaga kuna dada anauza kahawa, ana viti vya plastiki, vyekundu, vya kuegemea. Hawa wakihamia kule, Kibonge atakula nini? Na wakijua nani amewakalisha chini, watahama leo leo.

— Rudia hapo kwenye sauti, akasema Mzee Taarifa.

— Kwaruuuu, Wembe akafanya, kwa mdomo na kwa mikono.

— He-he-heee! Kibonge akacheka mgongoni.

Mama Kibonge nusura aangushe birika. Akaanza kumrusharusha mtoto mgongoni, nyamaza baba, nyamaza.

— Mtoto ana raha huyo, akasema Randa. Tena na soksi moja. Shemeji, nyingine umempa nani?

Mama Kibonge akapapasa nyuma. Mguu mmoja soksi ya manjano, mguu wa pili mtupu. Akauficha mguu mtupu ndani ya khanga.

— Imedondoka, akasema, huko, sijui wapi, watoto wa siku hizi bwana, nani nimwongeze kahawa?

— Tusitoke kwenye ajenda, akasema Mzee Taarifa. Mimi nimekaa ofisini, naijua kazi hii. Hii ni serikali.

— Serikali inataka benchi la nini, mzee?

— Wanataka kujua tunasema nini tukiwa tumekaa. Mbao inanyonya maneno, Wembe, usicheke. Wanalipeleka mahali, wanalikamua.

— Likikamuliwa lile, akasema Randa, yatatoka maneno ya Bado peke yake, mafuriko.

— Nyie endeleeni na serikali, akasema Bado, akijinyoosha magoti. Ukweli mnauogopa. Jana usiku ulikuwa unyakuo.

— Unyakuo?

— Unyakuo. Umeanza na samani.

Randa akapaliwa na kahawa, ikabidi apigwe mgongoni.

— Subiri, Bado. Yaani watakatifu wote wameachwa, limepelekwa mbinguni benchi?

— Nitajie dhambi ya benchi lile. Moja tu. Limetubeba na uzito wetu. Watu wamesengenywa juu yake, lenyewe limewahi kusengenya? Mtu akija anakaa, tajiri anakaa, mlevi anakaa, halimuulizi mtu. Sasa niambie hapa kijiweni nani anastahili kwenda kabla ya benchi.

Kila mmoja akajilinganisha na benchi, na hakuna aliyetoka vizuri.

— Na kicheko? akauliza Wembe.

— Malaika wa mizigo. Hawa wa chini wanaobeba vitu. Wakifanya kazi wanacheka.

— Malaika wa mizigo wanaburuza? Kwaruuuu?

— He-he-heee!

— Umeona? akasema Bado. Hata mtoto anakubali.

Mama Kibonge akachomoa kipande cha mkate, akakipitisha nyuma bila kuangalia, kikadakwa. Angalau mdomo una kazi.

— Kwa hiyo ibada ya kwanza mmemsikia mchungaji kwenye spika kabla sijafika, akasema Randa, kumbe ndiyo maana vichwa vyenu vimechemka. Uwakili tena?

— Uwakili tena, akasema Wembe. Mimi hainisumbui. Fungu la kumi natoa kwa kazi yangu. Kichwa cha kumi nanyoa bure.

— Ndiyo maana kila cha kumi ni cha Mzee Taarifa, akasema Bado. Kipara! Unamtolea Mungu sehemu isiyoota!

Mzee Taarifa akavua kofia, akaitazama, akaivaa tena.

— Mimi natoa ushauri, akasema. Wiki hii nimempa mchungaji ushauri mara tatu.

— Aliupokea?

— Alisema ataomba juu yake.

— Na wewe Bado? akauliza Randa. Wewe umekabidhiwa nini?

— Mimi nimekabidhiwa njaa. Nikiitoa mnakataa.

Walicheka mpaka mwanakwaya aliyekuwa akipita na joho lake mkononi akageuka kuwatazama. Mama Kibonge naye akacheka, akajisahau, kwa muda wa kama kikombe kimoja akawa yule wa siku zote, mpaka Randa alipojipiga paja na kusimama.

— Inatosha. Twendeni kwa mwenyekiti wa mtaa tukaripoti. Na mwizi nikimpata, nitamranda! Mbao zile ni zangu.

Mama Kibonge akatua birika. Zake? Shangazi hakusema. Shangazi alisema, mwanangu, kila kitu hapa ni chako.

— Zako kivipi? akasema Bado. Misumari ilikuwa yangu. Toa misumari, una benchi au una kuni?

— Na vanishi? akasema Mzee Taarifa. Ule mng'ao ulitoka kwangu.

— Msinisahau, akasema Wembe. Umeme wa kurandia ulitoka saluni kwangu, siku nzima, wateja wakanisubiri nusu kichwa. Shangazi yake huyu alitoa nafasi tu.

Basi. Kumbe. Mama Kibonge akapiga hesabu upya. Ametoa sadaka vitu vya watu wanne! Amekwenda mbele za Mungu usiku, kwa ujasiri, na mali ya Randa na ya Bado na ya Wembe na ya Mzee Taarifa, akaisukuma mlangoni kama yake! Je, hiyo inaitwa sadaka au inaitwa wizi wenye nia njema? Aseme sasa hivi? Akiri? Akafungua mdomo, Bado akamtangulia.

— Hebu, Randa, akasema Bado, mbao ulizinunua wapi?

— Zilibaki.

— Zilibaki wapi?

— Kazini. Kuna kazi nilifanya, zikabaki.

— Kazi ipi?

Randa akakuna sikio kwa penseli.

— Ile ya viti.

— Viti gani?

— Vya kanisa, Bado, unajua kabisa ni vya kanisa, ulikuwepo! Na misumari yako je? Fundi viatu na misumari ya inchi nne wapi na wapi? Unashonea viatu vya tembo?

— Nilipewa nishike kopo, siku tuliyopiga mabati.

— Mabati ya wapi?

— Ya, akasema Bado, akaelekeza kidevu juu ya ukuta, kwenye paa la kanisa. Walinipa nishike, hawakusema nishike mpaka lini. Muulizeni Mzee Taarifa vanishi.

— Nilikuwa katibu wa kamati ya ukarabati, akasema Mzee Taarifa. Kopo lilibaki nusu. Nikalitunza.

— Ukalitunza kwenye benchi letu!

— Ilikuwa inakauka!

— Aibu, akasema Wembe. Wazee wazima. Mimi umeme wangu nalipa mwenyewe.

— Siku hizi, akasema Randa. Enzi zile waya wako ulikuwa unaruka ukuta gani?

Wembe akainamia kikombe chake na kukichunguza. Ukuta ulikuwa mmoja tu, nao walikuwa wameuegemea wote.

Mama Kibonge akatazama kikombe hicho, akatazama birika, akakumbuka bomba anakochota maji kila alfajiri, lililo ndani ya geti la kanisa, ambalo mlinzi humfungulia na hajawahi kumuuliza kitu. Hata kahawa! Akataka kucheka, akataka kulia, ikatoka kwikwi.

Hapo ndipo alipofika mama mmoja, mtoto mchanga kifuani, akitembea polepole, mkono mmoja ubavuni. Ibada ya kwanza ilikuwa imetoka, naye alikuwa anaomba maji ya moto kwenye chupa yake. Mama Kibonge akamtambua mara moja. Ndiye. Mwenye mshono. Akajaza chupa bila kumtazama usoni, masikio yanawaka.

— Tunakwenda kwa mwenyekiti, akasema Randa, sasa kwa sauti ya chini kidogo. Benchi letu limeibwa.

— Poleni jamani, akasema yule mama. Samahani, mimi mgeni. Mwenyekiti akiuliza mwenye benchi ni nani, mtamwambia nani?

Randa akamtazama Bado. Bado akamtazama Mzee Taarifa. Mzee Taarifa, ambaye hajawahi kukosa la kusema tangu alipostaafu, akamtazama Wembe, na Wembe akatazama ndani ya kikombe, ambamo hamkuwa na kitu. Ndani ya ukuta kwaya ikaanza kupasha sauti. Yule mama alingoja jibu kwa adabu kabisa, kama mtu aliyeuliza njia.

— Nadhani, akasema Mzee Taarifa hatimaye, suala hili lisifike kwa mwenyekiti.

— Lisifike, akasema Wembe haraka.

— Dukani nina mbao mbili, akasema Randa, akivuta maneno kama yamekwama. Za kununua. Risiti ninayo. Kesho naweza nikaunga benchi jingine, Mama Kibonge asikose wateja.

— Mimi nitalipaka, akasema Mzee Taarifa. Kopo jipya. Sijalifungua.

— Umeme wangu, akasema Wembe, na huu ni wangu, mita ninayo, njooni muone.

Wote wakamgeukia fundi viatu.

— Misumari, Bado.

— Ba... akaanza Bado. Akafunga mdomo. Akakunja uso kama anang'olewa jino. Nitanunua, akasema. Jamani! Nitanunua!

Kelele iliyopigwa hapo, hiyo sasa ndiyo ingefaa kuitwa unyakuo. Randa alimbeba Bado mzegamzega, ndoo ikabingirika, Wembe akapiga mluzi, na Mzee Taarifa akakaa juu ya debe bila kujua amekaa. Bado, akiwa juu begani, akadai kwamba moyo wake unakwenda mbio na huenda kutoa kunaua. Halafu kengele ya ibada ya pili ikalia, nao wakaondoka kwa mkumbo, watatu wakimsindikiza Bado mlangoni kwa nguvu kabla hajabadili nia.

Wakabaki wanawake wawili na watoto wawili. Mama Kibonge akamrudishia yule mama chupa, akakataa hela yake kwa kutikisa kichwa. Yule mama hakuondoka. Aliutazama mguu mtupu wa Kibonge, akanyoosha kidole, akaburuza ukucha taratibu juu ya ile ndoo.

— Kwaruuu, akasema kwa kunong'ona.

— He-he-heee! Kibonge akacheka.

Yule mama akaingiza mkono kwenye nguo ya mtoto wake, akatoa soksi ndogo ya manjano.

— Ilikuwa imenasa kwenye mguu wa benchi, akasema. Na dirisha la chumba kile linasikia kila kitu cha kijiweni. Leo nimekaa, dada. Ibada nzima. Mtoto amenyonya akashiba, akalala, na mimi kidogo nilale.

Mama Kibonge akaishika ile soksi, akaifumbata, machozi yakaja na kicheko kikaja, vikasukumana mlangoni.

— Umemwambia mtu? akauliza. Usiseme, nakuomba, wale watanicheka mpaka nihame, na mume wangu hajui, na mimi nilidhani ni langu, kumbe si langu, kumbe si la mtu...

— Nimeshamwambia mmoja.

— Nani?

— Nilipokaa tu, akasema yule mama, akimvalisha Kibonge soksi kwenye mguu uliokuwa mtupu, nilimwonyesha Mungu soksi hii. Mwingine simwambii.