Asate: Maneno ya Mfungaji wa Maboksi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi. Afande Kanali, uliyetoka kambini asubuhi hii na lori la kuchukua mizigo. Mama Mwenyekiti wa kamati yetu. Wazazi, wake na waume wa askari walioko mbali. Ndugu wageni waalikwa mliopata viti, na nyinyi mliosimama dirishani. Na wewe Mwalimu, niliyekutaja mwisho makusudi, kwa kuwa leo kila mtu amekutaja kwanza: habari za asubuhi.

Mimi ndiye Mzee Kamba. Kwenye ratiba simo. Niliomba kusema nikakataliwa, nikaomba tena nikakataliwa, mpaka Mama Mwenyekiti akasema nipewe dakika tano nimwondokee. Nitachukua kumi.

Nimefunga mizigo boharini miaka thelathini na moja. Mzigo wangu umewahi kuanguka kutoka juu ya lori, ukabingirika mpaka mtaroni, na ulipookotwa ndani hakikuwa kimevunjika hata kikombe. Sisemi kwa kujisifu. Basi, nasema kwa kujisifu, maana nisipojisifu mimi nani atanisifu? Leo tunafungua chumba kipya cha kufungia vifurushi vya askari wetu, chumba chenye meza sita, rafu mpaka darini na feni inayozunguka, na juu ya mlango mmebandika kibao kinachong'aa: Chumba cha Mwalimu. Nimekisoma mara tatu, herufi kwa herufi, nikitafuta kama kuna kamba mahali. Hakuna.

Mwalimu anastahili. Ni yeye aliyesema askari wetu wana bunduki na viatu lakini hawana mtu wa kuwaambia asante. Ni yeye aliyeandika kadi za shukrani, moja kwa kila boksi, kwa mwandiko uliolala upande mmoja kama nyasi zilizopigwa na upepo. Lakini nauliza, ndugu zangu: soksi, sabuni, karata na biskuti zilifikaje bila kusagika? Kadi ilizifunga? Kadi ina mikono?

Kwa kuwa kadi zilikuwa na jina lake na anwani yake, majibu yalikwenda kwake. Aliyaweka kwenye kopo la biskuti, na kila mkutano analifungua, anavaa miwani, anatusomea. Siku moja akafungua bahasha, akataja jina la aliyeandika, nami nikashika meza. Alikuwa mwanangu.

Wengi wenu hamkujua kwamba nina mwana jeshini, kwa kuwa sikusema. Nilitaka arithi nafasi yangu boharini, yeye akataka gwanda. Siku ya kuondoka alisimama mlangoni na begi lake, nikamwambia, ukienda usiniandikie. Nilidhani atabishana. Mtoto huyo tangu mdogo alikuwa mbishi, sijui kamrithi nani. Safari hiyo hakubisha. Alitii. Mwaka mmoja na miezi miwili ametii, na mimi, je, nilifuta neno langu? Mimi nifute neno?

Sasa nakaa kwenye mkutano, namsikia mwanangu akimshukuru mwanamke wa mtaa wa nne. Anamweleza joto la huko, anamweleza jino lililomuuma, anamwita "mama yangu Mwalimu". Barua ya pili ikaja, ya tatu, ya nne. Kila moja iliisha vilevile: wasalimie wote wanaofunga maboksi. Wote! Mimi nilimlea kwa mgongo huu, leo naitwa wote? Dada yangu Mwalimu, nakiri mbele ya Mheshimiwa: nilikuonea wivu mpaka usingizi ukanihama, na lile kopo lako nilitamani liote kutu.

Na mimi pia nilikuwa naandika, tangu maboksi ya kwanza. Kadi nzima siiwezi. Shule niliionja miaka miwili tu. Lakini neno moja nalijua. Nikachukua kalamu nene ya kuandikia magunia, nikawa kila boksi, kabla sijalifunga, naandika ndani ya kifuniko: ASATE.

Mmecheka. Baada ya barua ya nne Mwalimu naye aliliona, akainama, akaniambia kwa adabu kwamba imekosa N. Nikamwambia asome vizuri. Akasema askari watacheka. Nikamwambia wacheke, wana nini kingine cha kuchekea huko? Hatukuelewana. Juma lililofuata zikaja karatasi zilizopigwa chapa, zenye maua pembeni na ASANTE iliyotimia, na kamati ikapitisha zibandikwe juu ya neno langu. Nilipiga kura ya hapana. Kura moja.

Jumanne iliyopita, saa mbili asubuhi, Mwalimu akabisha hodi kwangu. Nikajua amekuja kuniringia. Akanipa bahasha, akasema, "Imekuja kwa jina langu, lakini si yangu. Isome mwenyewe." Nikamwambia miwani yangu imevunjika. Akavua yake akanipa.

Nilisoma muda mrefu sana, chai ikapoa. Yeye alikaa kwenye kigoda, hakukohoa, hakunisaidia hata silabi moja. Kwa hilo peke yake, ndugu wageni waalikwa, mama huyu anastahili kibao mlangoni.

Barua ilisema hivi, naijua kwa moyo: "Mwalimu, shikamoo. Maboksi matatu ya mwisho yana karatasi ya maua ndani ya kifuniko. Zamani paliandikwa asate, bila N. Namjua mtu mmoja tu anayeandika hivyo. Sikukuuliza, kwa sababu aliniambia nisimwandikie, nikaona ile salamu ya wote itamfikia. Sasa neno lake halipo. Niambie kweli, baba yangu yu hai?"

Alipokuwa darasa la kwanza alinikuta naandika neno hilo, akaniambia, baba, umeacha N. Nikamwambia N ipo, ila haisemi. Mama yake alicheka mpaka akaweka sufuria chini. Tangu siku ile nyumbani kwetu hakuna aliyesema neno lile kwa N, mezani wala mlangoni, mpaka mama yake anatutoka. Kumbe wote ni mimi. Kumbe barua nne alizopata Mwalimu, mkia wa kila moja ulikuwa wangu, na mimi nilikaa pale nikiusikia na kununa.

Mwalimu alirudi hapa na beseni la maji na kitambaa. Siku mbili amebandua maua kwenye maboksi arobaini yanayoondoka leo. Vidole vyake viangalieni, bado vina gundi. Hakuniambia samahani na mimi sikumwambia, maana sote wawili tuna vichwa vigumu. Lakini neno langu limerudi.

Afande Kanali, naomba usogee. Boksi hili ni la mwanangu. Fundo hili halifunguki kwa kisu, linafunguka kwa anayelijua, naye analijua. Humo ndani kuna kadi niliyoandika kwa mkono wangu, maneno mawili, asubuhi nzima. La kwanza, Nipo. La pili, Niandikie. Hilo la pili lina N mbili, na zote mbili nimeziweka. Mwalimu shahidi.

Nyuma ya kadi kuna anwani. Si ya Mwalimu, ni yangu. Kopo la biskuti nimeshalitafuta, kubwa kuliko lake. Mheshimiwa, kibao kibaki kama kilivyo. Silitaki jina langu mlangoni. Huo ni uongo, nalitaka, lakini litangoja mpaka majibu yaje.

Afande, lishike kwa mikono miwili. Nanyi nyote, mliokaa na mliosimama, na wewe mama wa mtaa wa nne, asateni kwa kunisikiliza.